Mashindano ya mawazo ya maendeleo endelevu: maswali ambayo timu za wanafunzi wa Tanga huuliza mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa sekondari na vyuo mkoani Tanga, walimu walezi wa klabu, na wazazi wanaoshangaa kwa nini mtoto amerudi nyumbani na ndoo ya makapi ya mkonge. Aliyeuandika amelea timu na amekaa pia kwenye meza ya majaji, kwa hiyo majibu yanatoka pande zote mbili. Kila shindano lina mwongozo wake. Pale mwongozo unapopingana na maneno ya hapa, fuateni mwongozo.

Mashindano haya yanashindanisha nini hasa?

Yanashindanisha namna timu ilivyolielewa tatizo na ubora wa njia iliyoipendekeza. Kwa kawaida timu huandika andiko fupi, maandiko huchujwa, kisha zinazobaki husimama mbele ya jopo kwa dakika chache na kuulizwa maswali. Yapo mashindano yanayodai kifaa kilichotengenezwa na kinachofanya kazi, na yapo yanayotosheka na wazo lenye hesabu na ushahidi. Someni hilo kwanza kabla ya kununua hata msumari, maana kila mwaka kuna timu inayobeba mtambo mzito hadi ukumbini wakati jopo lilitaka hoja.

Mimi nikisoma andiko natafuta jibu la swali moja: mkishamaliza kidato cha nne na kutawanyika, nani ataendelea na kazi hii? Anaitwa nani, anafanya kazi gani, na kwa nini atajisumbua? Andiko lenye jibu la swali hilo nalisoma mara mbili hata kama michoro yake ni ya penseli.

Maendeleo endelevu maana yake nini, bila lugha ya semina?

Maelezo yanayonukuliwa zaidi ni ya mwaka 1987, ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norwei: maendeleo yanayokidhi mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kukidhi ya kwao. Mwaka 2015 nchi wanachama zikapitisha Malengo 17 yenye shabaha 169, ya kufikiwa ifikapo 2030.

Kwa mtu wa pwani hii, mfano upo mlangoni. Uvuvi wa baruti uliisumbua Tanga kwa miaka mingi. Anayelipua anapata samaki wengi kwa dakika moja, na mwamba wa matumbawe unaobomoka hapo hautarudi katika umri wake. Hiyo ni sura ya mazingira. Sura nyingine mbili husahauliwa. Ya pesa: mradi unaokufa siku mfadhili anapofunga begi lake. Na ya watu: jiko banifu linalookoa kuni nusu nzima, lakini kikaango cha mama anayekaanga samaki soko la Deep Sea hakikai juu yake, basi linaishia kuwa kigoda.

Ni lazima tuguse malengo yote 17?

Hapana. Chagueni moja, mkizidisha mawili, na mtaje shabaha yenyewe kwa namba yake. Bango lenye rangi zote 17 humwambia jaji kwamba timu haijaamua.

Sisi ni kidato cha pili. Kuna shindano linalotufaa, au haya ni ya vyuo?

Yapo. Wanafunzi wa sekondari wana Young Scientists Tanzania, iliyoanza mwaka 2011 kwa kufuata mfano wa maonesho ya wanasayansi chipukizi ya Ireland. Hapo mnafanya utafiti halisi na kuusimamia mbele ya majaji mkiwa na mwalimu wenu. Kuna pia Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yaani MAKISATU, yaliyoanzishwa mwaka 2019. Haya yana makundi tofauti kuanzia shule za msingi, sekondari, vyuo vya ufundi, vyuo vikuu, hadi wabunifu wa mtaani wasio na cheti chochote. Kwa wa vyuo vikuu kuna Hult Prize, ambayo ni shindano la kimataifa la biashara zinazotatua matatizo ya jamii, na zawadi yake kuu ni dola milioni 1.

Kando ya hayo, klabu za mazingira, halmashauri na mashirika huandaa mashindano madogo ya wilaya au ya shule kwa shule. Msiyadharau. Timu ambayo haijawahi kuulizwa maswali na mgeni hushtuka sana ikiulizwa kwa mara ya kwanza Dar es Salaam.

Timu iwe na watu wangapi, na tuwachague vipi?

Idadi imo kwenye mwongozo: yapo yanayotaka wawili, yapo yanayoruhusu wanne au watano. La muhimu ni nani. Walimu wengi huchukua watano wa kwanza darasani, na matokeo yake ni timu ya watu wanaofikiri sawasawa. Tafuteni mmoja asiyechoka kuhesabu, mmoja anayeweza kuzungumza na mvuvi au mama lishe bila kumfanya ajione anahojiwa na polisi, mmoja mwenye mikono ya ufundi, na mmoja anayeandika vizuri. Kijana anayeuza barafu jioni na mama yake anajua mambo ya samaki kuliko kitabu cha biolojia.

Na jambo moja nalisema wazi kwa sababu naliona kila mara: msichana anafanywa katibu, mvulana anafanywa msemaji, hata pale msichana ndiye aliyefanya vipimo vyote. Jaji mzoefu hulibaini swali la tatu tu, kwa sababu msemaji huanza kugeuka nyuma kumtazama katibu.

Wazo tulipate wapi? Tumekaa wiki nzima na hatuna kitu.

Tokeni darasani. Mawazo yanayoshinda hapa Tanga hayatoki mbali, yanatoka kwenye kazi ambazo watu wanazifanya mbele yenu kila siku na kulalamika. Nendeni sehemu moja, kaeni asubuhi nzima, mkitazama nini kinatupwa, nini kinasubiriwa, na nani analipa gharama ya kusubiri huko.

Chukueni maji. Maji ya bomba ya jiji la Tanga yanatoka Mto Zigi, unaoanzia kwenye misitu ya Usambara Mashariki, na hukusanywa kwenye bwawa la Mabayani. Mkulima anayelima hadi kingo za mto kule juu anamwongezea gharama ya kusafisha maji mtu wa Makorora ambaye hajawahi kumwona. Ndiyo maana wakulima wa bonde hilo walianzisha umoja wao wa uhifadhi, UWAMAKIZI, na ndiyo maana mwaka 2024 mamlaka ya maji, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani (hati ya kukopa pesa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi wa mazingira) ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma. Ninyi hamwezi kuuza hatifungani. Mnaweza kupima tope la maji ya Zigi kwa chupa angavu na diski nyeusi na nyeupe kabla na baada ya mvua, sehemu tatu tofauti za mto, na kuonyesha linakoingilia. Hiyo tayari ni kazi ya kupeleka kwa umoja huo na kwa mamlaka ya maji.

Au chukueni mwani. Kina mama wa vijiji vya pwani ya Mkinga huufunga kwenye kamba na mambo, yaani vigingi, na huingia shambani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Aina yenye bei nzuri zaidi, kotoni, ndiyo inayougua na kufa maji yanapopata joto kupita kiasi, hivyo wengi wamebaki na spinosi ya bei ya chini. Wengine huanika mchangani, na mwani wenye mchanga hushushwa bei. Chanja ya kuanikia ni teknolojia ya zamani kabisa, lakini swali la nani anaimudu, inadumu misimu mingapi kwenye chumvi ile, na inaongeza shilingi ngapi kwa kilo, halijajibiwa katika kila kijiji. Timu inayolijibu kwa kijiji kimoja ina andiko.

Muheza kuna machungwa yanayooza chini ya miti msimu ukikolea na bei ikianguka. Kila timu ya Muheza hupendekeza kiwanda cha juisi. Kiwanda kinahitaji mtaji, umeme, maji safi, vifungashio, na soko la miezi ambayo hakuna machungwa. Punguzeni ukubwa: je, wakulima kumi wakipanga machungwa kwa madaraja kabla dalali hajafika, bei inabadilika? Hilo mnaweza kulijaribu msimu mmoja kwa kreti na daftari.

Na mkonge? Mwalimu anasema umeshaandikwa sana.

Umeandikwa, lakini haujaisha. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Asili yake ni Yucatan, Mexico, ukapitia Florida, na kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka humo yakaja mashamba yaliyoujenga mkoa huu, reli na bandari pamoja.

Jambo linaloufanya uwe somo zuri la maendeleo endelevu ni hesabu yake. Jani likipita kwenye korona, yaani mashine ya kukwangua jani ibaki nyuzi, nyuzi zinazopatikana ni asilimia 4 hivi ya uzito wake. Kinachobaki ni maji na makapi, na kwa miongo mingi yalimwagwa tu, mengine yakaishia mitoni. Mwaka 2008 shamba la Hale, wilayani Korogwe, lilizindua mtambo wa biogesi uliotumia makapi hayo kuzalisha umeme, ukiwa na uwezo wa kilowati 150. Watafiti wameotesha pia uyoga juu ya makapi ya mkonge.

Kwa hiyo mkija na andiko linalosema "tutatengeneza biogesi kwa makapi ya mkonge", jaji atauliza mnazidi nini Hale. Msikwepe swali hilo, litumieni. Hale ni shamba kubwa lenye korona yake. Mkulima mdogo aliye kwenye chama cha ushirika anapeleka majani kwenye mashine ya mwenzake, na makapi yanabaki huko. Nani ana haki ya makapi hayo? Yanaweza kurudi shambani kama mboji kwa gharama ya usafiri inayolipika? Yakikaa siku ngapi yanaharibika kwa matumizi ya mifugo? Bodi ya Mkonge ina makao yake hapa hapa Tanga mjini, na kituo cha utafiti cha TARI Mlingano kipo Muheza. Mna wataalamu umbali wa nauli ya basi, bahati ambayo timu za mikoa mingine hazina.

Kuna mawazo ambayo majaji wameyachoka?

Yapo, na nitayataja bila huruma: programu ya simu ya "kuwaunganisha wakulima na soko" iliyobuniwa na timu ambayo haijaongea na mkulima, pipa la taka lenye kihisi linalojifungua lenyewe, matofali ya plastiki iliyoyeyushwa kwenye sufuria nyuma ya darasa, moshi wake ukivutwa na wanafunzi wenyewe, na mkaa mbadala.

Mkaa mbadala nitautetea kidogo. Vifuu na makumbi ya nazi yapo tele kwetu, serikali imeziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania. Tatizo ni kwamba timu huishia kwenye kuufinyanga. Haziupikii. Bandikeni maharage ya kilo moja kwa mkaa wenu na kilo moja kwa mkaa wa kawaida, sufuria ile ile, mpishi yule yule, mkipima uzito wa mkaa kabla na baada. Kama wenu umeshindwa, semeni umeshindwa na kwa kiasi gani. Andiko la namna hiyo linaaminika kuliko lenye ushindi usio na vipimo.

Kupanda mikoko nako. Picha za wanafunzi ndani ya tope zinapendeza, ila jaji atauliza: mche gani, ulipandwa kwenye kimo gani cha maji, na ni mingapi iliyo hai leo? Mkoko, mchu na mlilana havistahimili hali moja. Mche uliopandwa pasipo pake huondoka na bamvua la kwanza.

Tunapimaje tatizo wakati shule haina maabara ya maana?

Vipimo vingi mnavyohitaji viko jikoni na kwenye simu. Tuseme bomba la shule linavuja. Wekeni kikombe cha mililita 250 chini yake. Kikijaa kwa dakika 5, hayo ni lita 3 kwa saa, lita 72 kwa siku, zaidi ya ndoo tatu na nusu za lita 20. Kwa mwaka ni lita 26,280 kutoka bomba moja. Zidisheni kwa bei iliyo kwenye ankara ya maji ya shule, na mkuu wa shule atawasikiliza hata kama jopo halitawasikiliza.

Taka za jikoni pimeni kwa mizani ya kuning'iniza, siku za shule zote za wiki moja na si siku moja, kwa sababu siku ya makande na siku ya wali hazitoi makombo sawa. Andikeni tarehe na saa ya kila kipimo kwenye daftari, kwa kalamu. Daftari lenye madoa ya mchuzi nimeliona likimshawishi jaji ambaye michoro ya kompyuta ilimshinda.

Tunahitaji kibali cha mtu yeyote kwenda kuuliza watu au kupima?

Ndiyo. Barua ya shule kwanza. Mtaani, pitieni kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji. Kijijini, ofisi ya kijiji. Kwa wavuvi, zungumzeni na BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ya diko husika (pale mashua zinapotia nanga na kushusha samaki), msiende moja kwa moja kwenye mashua, na mumwite mtu baba au mzee kabla hamjamwita "mhojiwa". Mikoko ni hifadhi ya misitu, hivyo kukata au kupanda kunahusu TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu. Kuanzia jijini kushuka hadi Pangani kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya yule samaki wa kale aliyeanza kunaswa na wavuvi wa Tanga mwaka 2003. Kazi yoyote ndani yake inataka ruhusa ya hifadhi.

Pia angalieni kalenda ya maji kabla ya kupanga safari ya pwani. Timu inayofika saa nne asubuhi siku ya maji mafu, bahari isipokupwa mbali, itakuta bahari imejaa na kina mama wa mwani wako majumbani.

Onyo moja: msifanye upelelezi wa uhalifu. Baruti, magogo ya magendo, uvuvi wa usiku, achieni wenye mamlaka. Hakuna kombe linalostahili mwanafunzi kutishiwa.

Tunaruhusiwa kupiga picha na kurekodi?

Kwa ridhaa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwelezeni mtu picha itaonyeshwa wapi, na kwa mtoto ombeni ridhaa ya mzazi au mlezi. Majina ya waliojibu hayahitajiki kwenye bango. "Mkaanga samaki, miaka 20 kazini" inatosha.

Pesa za maandalizi tutoe wapi?

Anzeni na wazo la bei rahisi. Fundi wa kuchomelea pale Ngamiani atawauzia vyuma chakavu kwa bei ya kuelewana mkimweleza ni ya shule, na mara nyingi atawarekebishia mchoro wenu bure, kwa sababu hawezi kuvumilia kuona kitu kimeungwa vibaya. Mwekeni kwenye shukrani.

Kwenye bajeti ya andiko, kila bei iwe ya kuuliziwa dukani, na mwandike mliulizia lini. Namba za duara zinazoishia na sifuri tano humfanya jaji aache kusoma. Wekeni pia gharama za kuendesha, siyo za kujenga peke yake: nani atanunua kamba mpya zikioza, nani atalipa ulinzi wa usiku.

Mtu akituibia wazo?

Swali hili huulizwa na kila timu, na kwa kawaida wazo lenyewe halina wa kuliiba. Lakini kama kweli mmebuni kifaa kipya, jueni kwamba sheria hailindi wazo lililo kichwani. Hakimiliki hulinda maandishi, michoro na programu mlizoandika. Kifaa au mbinu mpya hulindwa kwa hataza, ambayo kwa Tanzania Bara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na sharti lake moja ni upya: mkishakionyesha hadharani pamoja na maelezo yote ya ndani, mnaweza kuwa mmejifungia mlango. Ongeeni na mwalimu, na BRELA ikibidi, kabla ya maonesho, na kwenye bango elezeni kifaa kinafanya nini bila kufichua kila kiungo. Someni pia kipengele cha mwongozo kinachosema mali ya ubunifu ni ya nani baada ya shindano. Mwongozo usiosema chochote, ulizeni kwa maandishi.

Tunaweza kutumia akili mnemba kuandika andiko?

Kama mwongozo unakataza, hapana. Kama unaruhusu, itumieni kusahihisha lugha au kupata maswali ya kujipima. Msiitume ikawatafutie tatizo la Tanga. Nimesoma andiko lililozungumzia wakulima wa zao lisilolimwa wilaya ile kabisa. Timu ilipoulizwa shamba liko upande gani wa barabara, ukumbi ukanyamaza.

Andiko liwe refu kiasi gani, na kwa lugha gani?

Urefu na lugha vimo kwenye mwongozo. Mahojiano fanyeni kwa Kiswahili, au Kisambaa, Kibondei, Kidigo, kwa jinsi watu wanavyoongea, kisha mfasiri kama lazima. Ukurasa wa kwanza utaje tatizo, mwenye tatizo, na kipimo chenu kimoja kikubwa. Historia ya Umoja wa Mataifa haina haja, jaji anaijua.

Majaji huuliza nini?

Mbali na lile la nani ataendelea, jiandaeni kwa haya: mlijuaje kuwa tatizo lipo kabla hamjaanza? Nani alishajaribu, na kwa nini iligoma? Nani atapoteza wazo lenu likifanikiwa? Hili la mwisho huwaangusha wengi. Mkipunguza plastiki, muokota chupa anayeziuza kwa kilo anapungukiwa. Mkifupisha njia ya chungwa, dalali anabaki bila kazi, na dalali huyo huenda ni mjomba wa mmoja wenu. Timu iliyomfikiria mtu huyo mapema hujibu bila kutapatapa.

Msipojua jibu, semeni hamjui na mwongeze mngelipimaje. Kubuni namba mbele ya jopo hakufichiki.

Mwalimu mlezi atusaidie kwa kiasi gani?

Awafungulie milango, awasahihishe hesabu, awazuie msiumie. Asiandike. Wapo walezi wanaotaka kombe kuliko wanafunzi wao, na andiko lao jaji hulijua mapema: lina maneno ya shahada ya pili na msemaji wa miaka 14 asiyeweza kuyatamka. Walimu wenzangu, hili tunalijua sote.

Mimi ni mzazi. Haya hayatamharibia mtoto masomo?

Yanaweza, kama yatamezwa yote katika wiki mbili za mwisho. Muulize mlezi ratiba. Kazi ya Jumamosi moja moja kwa muhula mzima haimzuii mtu kufaulu, na hesabu za uwiano na asilimia zinazosumbua darasani huingia upesi zaidi mtoto anapopima makombo ya jikoni. Epuka tu safari za usiku, na ujue anayemsindikiza ni nani.

Tusiposhinda?

Ombeni maoni ya majaji kwa maandishi. Wengi hutoa, ila hakuna anayeomba.

Tukishinda, au hata tusiposhinda, mradi unaendeleaje?

Jibu lilipaswa kuwa kwenye andiko, lakini tuseme halikuwepo. Njia ya kwanza ni kuukabidhi kwa wenye tatizo: kikundi cha mwani, BMU, chama cha ushirika, kamati ya maji. Kabidhini daftari la vipimo, orodha ya vifaa na bei zake, na namba ya fundi aliyetengeneza, kwa barua yenye sahihi za pande mbili.

Njia ya pili ni klabu ya shule. Kidato cha tatu wapokee kutoka kidato cha nne kabla mitihani haijaanza, si baada ya mahafali. Wafanye angalau vipimo viwili pamoja.

Njia ya tatu ni kuugeuza kazi ya kujipatia kipato mkishafikisha miaka 18. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Inataka kikundi kilichosajiliwa, akaunti ya benki na andiko la mradi, na hilo la mwisho mnalo tayari. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kumbukeni ni mkopo, si zawadi.

Tuko Pangani, Mkinga au Lushoto. Hatuna klabu wala intaneti ya uhakika. Tuanzie wapi?

Anzieni kwa afisa elimu sekondari wa wilaya, ambaye ndiye hupokea matangazo ya mashindano mengi kabla hayajafika shuleni, na mara nyingine hayafiki. Mwombeni nakala ya mwongozo ya karatasi. Kwenye kusajili, mtu mmoja akija mjini kwa shughuli zake anaweza kuwasilisha fomu za timu tatu kwa mara moja, mradi majina yameandikwa sawasawa na yalivyo kwenye vyeti vya kuzaliwa. Na msingoje klabu isajiliwe: wanafunzi watatu, mwalimu mmoja na mizani ya kukopa dukani vinatosha kuanza vipimo vya wiki ya kwanza.